Nafasi ya Tatu ya Mtihani wa Darubini

Vita vilikuwa vimekwisha, mchele mzuri umeanza kuonekana tena madukani, na mimi nilikuwa mkubwa wa chumba cha darubini katika hospitali moja kisiwani Mombasa. Ukubwa wenyewe usikutishe. Chumba kilikuwa kimoja, madirisha mawili, darubini nne, na juu yangu alikuwako daktari Mzungu aliyeshika ufunguo wa kabati. Mimi nilishika ufunguo wa mlango. Tulipima damu, mkojo na choo vya wagonjwa, na pembeni tulifundisha wanafunzi watano kazi hiyo hiyo, ili baada ya miaka miwili wapande gari la moshi, wafanye mtihani Nairobi na kurudi na cheti cha serikali.

Kurudi hakukuwa na shida. Mwaka uliotangulia tulipeleka wanne, na wote wanne walirudi salama. Cheti ndicho kilichorudi kimoja.

Asubuhi moja daktari akaniita ofisini mwake. Alikuwa na barua mkononi na uso wa mtu aliyekwisha kuisoma mara nyingi akitumai itabadilika. Kiswahili alikijua, tena kizuri, kwa vile alifundishwa na mtu wa mtaa wetu wa Kuze. Kasoro yake ni kwamba alisema polepole kama anayeshuka ngazi gizani.

"Wameniandikia," akasema. "Safari hii nipeleke watatu tu. Wakishindwa wawili kati ya hao, darasa letu litafungwa."

"Watatu kati ya watano."

"Ndiyo. Kwa hiyo nataka kujua mapema nani atafaulu."

"Bwana Daktari, hilo hata atakayefaulu mwenyewe halijui."

"Wewe umezaliwa sokoni."

"Nimezaliwa Kuze, Bwana. Sokoni napita tu."

"Unapita sana. Nimekuona ukinunua machungwa pale langoni. Unalipima kwa mkono, unalirudisha, unalichukua tena. Basi nenda kanipimie hawa watano. Baada ya wiki tatu nataka majina matatu."

Nikamwambia wiki tatu hazitoshi, nipe tano. Akasema tatu. Nikasema nne na nusu. Tukakubaliana nne, na nikatoka nimeridhika, maana tangu mwanzo nilikuwa nataka nne.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Wa kwanza kati ya watano alikuwa mtoto wa karani wa reli, mtulivu, msafi, hajapata kuchelewa hata siku moja. Huyo tulimwandika bila kusema neno. Wa pili alikuwa kijana wa Kisauni aliyesoma misheni, mtu wa kuuliza maswali mpaka ukatamani kujificha. Naye tukamwandika. Wa tano mwenyewe alikwisha kutuambia kwamba hatafaulu, na kwa kuonyesha kwamba hakuwa akitania, mwezi huo huo akaenda kuajiriwa forodhani. Ikabaki nafasi moja na watu wawili.

Mmoja wao alikuwa ndugu yangu, mtoto wa mama yangu mdogo. Kijana wa miaka ishirini, mwandiko kama wa chapa, Kiingereza chake kimevaa suti na tai. Kila Jumamosi daktari alitoa mtihani wa karatasi, na majibu ya ndugu yangu yalikuwa yakisomwa kwa sauti ili wengine wajifunze.

Mwingine tulimwita Koplo. Alikuwa mtu wa bara, aliyebeba machela vitani mpaka Burma na kurudi na mkanda mmoja mpana na tabia ya kusimama wima akiulizwa jambo. Daktari alimwajiri kuosha chupa. Alipomwona siku moja ameinama juu ya darubini badala ya kuifuta, akamtia darasani. Karatasi zake zilisema ana miaka thelathini na minne. Mvi zake zilisema zaidi. Na sheria ya mtihani ilisema aliyefikisha thelathini na mitano haandikwi. Kwa Koplo basi, mwaka huo ulikuwa wa kwanza na wa mwisho. Asipokwenda, atarudi kwenye beseni lake, na mke na watoto watatu katika chumba kimoja cha Majengo wataendelea kula mshahara wa mwosha chupa.

"Bwana Fundi," aliniambia siku moja, "chupa mimi nazijua zote. Hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza habari za watoto."

Kiingereza chake kilikuwa cha jeshini, kifupi, chenye amri nyingi na vitenzi vichache. Katika mtihani wa karatasi alikuwa akipata alama ambazo daktari alizisoma kwa sauti ya chini, kwa heshima ya vita.

Nyumbani habari zilifika kabla yangu. Sijui mji wa kale habari husafiri kwa njia gani. Nadhani hupita juu ya mapaa. Nilimkuta mama sebuleni, ameshika upepeo, hajipepei.

"Nasikia orodha i mikononi mwako."

"I mikononi mwa daktari, mama."

"Na daktari yu mikononi mwako. Mwandike nduguyo, tulale."

"Bado sijapima."

"Wapima nini? Yule si mtoto wa mama yako mdogo? Damu ile umeijua tangu hujajua kusoma, sasa waitia kwenye darubini?" Akaanza kujipepea. "Nami nimekwenda kwa mwalimu. Amelichukua jina la kijana na la mamake, akalihesabu. Nyota yake nzuri."

Mwalimu huyo aliishi vichochoro viwili kutoka kwetu. Alisomesha watoto asubuhi, na jioni watu wazima walimwendea awatazamie nyota. Kila herufi ya jina ina hesabu yake. Hujumlishwa za mtoto na za mama, zikagawanywa, na kinachobaki ndicho kinachosema kama mtu aoe, ajenge au asafiri. Sikubisha. Mtu anayehesabu, hata kama sijui anahesabu nini, namheshimu.

Mimi nami nina njia yangu ya kuhesabu, ambayo ni kuhesabu mara mbili. Mke wangu, niliyemwoa baadaye, aliwahi kuiita maradhi. Katika chumba cha darubini nilikuwa nimeifanya sheria. Mtu akipewa kioo cha damu yenye malaria, huhesabu vijidudu, na pembeni chembe nyeupe za damu, mpaka chembe zifike mia mbili, aandike vijidudu alivyopata. Halafu asogeze kioo, aanze upya mahali pengine, aandike tena. Nambari mbili kwa kila kioo, ubavu kwa ubavu, daftarini.

Basi nikayachukua madaftari yote nikakaa nayo. La mtoto wa karani lilikuwa safi. La kijana wa Kisauni lilikuwa na alama za kuuliza hata pasipohitajika. La Koplo lilinisikitisha kidogo: 71 na 76, 58 na 53, 104 na 97. Hakuna hata siku moja mtu huyu alipokubaliana na nafsi yake. Nikafungua la ndugu yangu, moyo ukatulia: 71 na 71, 60 na 60, 98 na 98. Kurasa thelathini hivi, bila kupotea hata kijidudu kimoja. Nikajiambia, alhamdulillahi, mama amepata na daktari amepata, na mimi nitalala.

Nilifurahi nalo kwa siku mbili. Siku ya tatu mama akanituma mchele.

Muuza mchele alikuwa akipima kwa kibaba, na mimi, kama desturi yangu, nikamwambia apime, amwage, apime tena. Alikuwa amenizoea, watu wengine aliwasalimu kwa kheri, mimi alinisalimu kwa kuguna. Akapima vibaba vinne, zikabaki punje kiganjani. Akamwaga, akapima tena, safari hii kibaba cha nne hakikujaa. Akatia mkono guniani akakijaza.

"Umeridhika?"

"Mbona havikulingana?"

"Kwani mchele ni matofali?" akasema. "Huu walala, huu wasimama. Ukiona mtu apima mara mbili na vyote viwili sawasawa, yakhe, mtazame kidole gumba."

Nikarudi nyumbani na mchele, na bila kula nikaenda zangu hospitali. Nikafungua lile daftari zuri upya. Damu nayo haikutandazwa kiooni kwa mstari wa fundi seremala. Mahali pana vijidudu vingi, mahali vichache; ukihesabu pande mbili utapata karibu-karibu, hupati sawa. Ukipata sawa mara moja, umebahatika. Ukipata sawa kurasa thelathini, hukuhesabu.

Kesho yake nikamweleza daktari. Alinisikiliza, akalitazama daftari, akatabasamu.

"Hii ni sahihi sana," akasema, akionyesha nambari za ndugu yangu.

"Ni sahihi mno, Bwana. Ningekuwa nanunua, ningeondoka dukani."

"Alama zake za Jumamosi ni za juu."

"Jumamosi anaandika. Sisemi hajui kuandika."

"Na Koplo hukosea kila siku."

"Koplo hukosea kidogo, tena pande zote mbili. Mimi nampenda mtu wa namna hiyo."

Hakukubali. Nami sikutaka akubali kwa maneno, kwa sababu maneno ya Jumatatu huliwa na Alhamisi. Nikamwomba ruhusa ya jambo moja: kioo kimoja cha damu tuwape wote wanne Jumatatu kwa jina la kioo nambari nne. Alhamisi tukibandue karatasi, tubandike nyingine, tuwape kile kile kwa jina la nambari kumi na tisa. Tuone kila mtu atasema nini. Daktari akafikiri, kisha akasema na yeye atakihesabu. Nikamwambia ndiyo, lakini mara mbili.

Alhamisi jioni tukayatandaza madaftari mezani. Daktari alipata 90 na 86, na baada ya hapo hakutabasamu tena. Koplo, Jumatatu 88 na 93, Alhamisi 91 na 85. Mtoto wa karani na kijana wa Kisauni walikuwa humo humo, kwenye themanini na kitu na tisini na kitu. Ndugu yangu, Jumatatu 112 na 112. Alhamisi, kioo kile kile, 63 na 63.

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa, nambari zikawa zile zile.

"Basi hatahesabu chochote Nairobi," akasema.

"Atahesabu. Atakachohesabu ndicho hatukijui."

Nilimngojea ndugu yangu nje, tukatembea pamoja kuelekea mjini. Sikupiga kelele. Nilimwuliza tu mara ya pili hufanyaje.

"Mara ya pili nahesabu nini, kaka, na ya kwanza nishaandika?"

"Wahesabu upya."

"Na nikipata nyingine?"

"Waandika hiyo nyingine."

Akasimama. "Mbele ya watu? Niandike 71, halafu pembeni niandike 76, daktari aone kwamba sijui?" Alikuwa haoni haya kwa alichofanya, alikuwa ananionea haya mimi. "Shuleni nilipotoa majibu mawili kwa hesabu moja, nilichapwa kwa yote mawili."

Nikaelewa hapo kwamba hakuwa mvivu wala mwongo. Alidhani nambari mbili zisizolingana ni aibu, akawa anaifichia familia yetu aibu hiyo kila siku kwa mwandiko mzuri. Na kwa kuwa ya pili ilikuwa ya bure, hata ya kwanza ilianza kumtoka mkononi. Hakuna kitu kilichokuwa kikimkamata akikosea.

"Mwaka huu huendi," nikamwambia. "Wewe una ishirini. Mwaka ujao utakuwa na ishirini na moja, na utakuwa unajua kuhesabu."

Akanitazama kama ng'ombe aliyeuzwa. Akaenda zake kwa mama, akafika kabla yangu.

Tangu siku ile mama akaacha kusema nami. Alisema na ukuta, na ukuta ukaniletea habari. "Mwambie chakula ki jikoni." "Mwambie watu wanauliza kama ana ndugu au hana."

Kwa daktari nako mambo hayakuwa yamekwisha. Kumwondoa ndugu yangu alikubali. Kumtia Koplo alikataa. Alisema afadhali apeleke wawili walio hakika kuliko watatu mmoja akiwa wa kuanguka.

"Mtihani una sehemu tatu," akahesabu kwa vidole. "Mikono, mdomo, karatasi. Kwenye mikono atafaulu, nakubali. Kwenye karatasi ataanguka."

"Kwa alama ngapi?"

"Lazima apate nusu. Sasa anapata chini ya theluthi."

"Nipe wiki mbili."

"Umebakiwa na wiki mbili."

"Basi nipe hizo hizo. Jumamosi ya mwisho umpe karatasi mpya kabisa, uitunge wewe, nisiione. Akipata nusu, anakwenda. Asipopata, mimi mwenyewe nitamwambia, wewe hutatia neno."

Hilo la kumwambia ndilo lililomlegeza. Alikuwa daktari hodari sana, lakini kumwambia mtu mzima arudi kwenye beseni hakukuwa katika mambo aliyosomea.

Nikawa nimeuza kitu nisichokuwa nacho. Kufundisha Kiingereza cha mtihani sikujua. Changu mwenyewe kilikuwa cha kubahatisha. Aliyekijua alikuwa mmoja tu, na alikuwa amelala kwao amegeukia ukutani.

Nilimwendea ndugu yangu nikamkuta bado yu upande ule ule. Nikamwambia, "Koplo anajua kuhesabu, hajui kuandika. Wewe wajua kuandika, hujui kuhesabu. Mimi nafanya biashara tangu utotoni na sijapata kuona bidhaa mbili zinazotafutana hivi."

Akavuta shuka juu zaidi.

"Mwaka ujao utakwenda na mikono ya nani?"

Akasema na ukuta, maana ilikuwa ada ya ukoo, "Mwambie aje kwenu saa kumi."

Koplo akaja saa kumi kasoro robo, viatu vimeng'aa, akasimama wima kizingitini akampigia mama hodi mara tatu. Mama akaingia katika mtihani mgumu kuliko wa Nairobi. Huyu ndiye aliyechukua nafasi ya mwana wa nduguye. Lakini huyu pia ni mgeni, na mgeni hakuingia nyumba ile akatoka na njaa tangu ilipojengwa. Mgeni akashinda. Akaletewa kaimati, akaletewa kahawa, akaulizwa habari za mkewe, za watoto, za bara, za mvua za bara. Mimi sikuletewa kitu. Nilipoinyooshea mkono sahani, mama akaiambia sahani isogee kwa mgeni.

Basi ikawa kila alasiri. Ndugu yangu alikuwa mwalimu mkali kuliko nilivyotazamia.

"Usiandike 'damu chukua, kioo weka'! Huandikii bunduki. Nani anachukua? Inachukuliwaje?"

"Ninachukua mimi."

"Hapana, Koplo. Kwenye karatasi hakuna mimi. Damu inachukuliwa."

"Na nani?"

"Na hakuna mtu! Inachukuliwa tu!"

Koplo akanigeukia. "Bwana Fundi, ndiyo maana Wazungu wanapoteza vitu."

Kisha zamu ikabadilika. Hatukuwa na darubini nyumbani, basi Koplo alimwaga choroko kwenye sinia akachanganya na punje za mchele, akamwambia ndugu yangu ahesabu choroko mpaka afikishe punje mia mbili. Kisha akatikisa sinia. "Tena." Kijana akapata nyingine. Mkono ukasita juu ya karatasi.

"Andika."

"Haikulingana."

"Sikukuuliza kama imelingana. Andika."

Aliandika kama mtu anayetia sahihi talaka. Siku ya nne aliandika bila kusita. Siku ya sita alipata nambari mbili sawa kwa bahati, akashtuka, akahesabu mara ya tatu bila kuambiwa. Pale nikajua tumepona.

Choroko ilikuwa ya mama, nayo alikuwa akiitazama kwa mbali. Alikuwa bado hasemi nami moja kwa moja. Nikaona nimalize mambo yote kwa pamoja, nikaenda kwa mwalimu kumwuliza hasa alisema nini juu ya nyota ile.

"Nilimwambia mamako maneno mawili," akasema mwalimu, akitafuta karatasi yake. "La kwanza, nyota ya kijana nzuri. La pili, mwaka huu asisafiri, angoje ujao. Alichukua mangapi?"

"Moja."

"Basi lingine bado liko hapa. Mchukulie."

Nikamchukulia. Nilimwekea mama mbele kwa adabu zote, sikusema kwamba alilificha. Nilisema labda mwalimu alilisahau, akalikumbuka leo. Mama akajipepea kwa muda mrefu.

"Nami nilihisi kuna jambo la safari," akasema mwishowe. "Kaa ule." Ndiyo kaimati yangu ya kwanza katika siku kumi na moja.

Jumamosi ya mwisho daktari akampa Koplo karatasi yake mpya, ya maswali kumi, akamfungia ofisini peke yake. Sisi tukabaki chumbani tukijifanya tunafanya kazi. Ndugu yangu alifuta lenzi moja mpaka nikahofia itapungua. Koplo alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Kulikuwaje?" nikamwuliza.

"Damu ilichukuliwa," akasema.

Alipata alama hamsini na mbili. Daktari alisahihisha, kisha, bila mimi kumwomba, akasahihisha tena. Ikawa hamsini na moja. Akaandika jina la tatu kwenye orodha.

Wakaenda. Tuliwasindikiza kituoni, na daktari akaniambia niandike kwenye karatasi, kila mmoja atapata nini, aiweke kabatini ili tujue kama kweli mtu anaweza kutabiri mambo haya. Nikaandika: mtoto wa karani, bila shaka. Kijana wa Kisauni, bila shaka. Koplo, kwa unywele. Daktari akaandika yake, ikawa sawa kabisa na yangu, jambo ambalo lingepasa kunitia wasiwasi.

Majibu yalifika kwa simu kabla ya wao kufika kwa gari la moshi. Kijana wa Kisauni amefaulu. Koplo amefaulu. Mtoto wa karani ameanguka.

Darasa limepona, wawili walitosha. Lakini yule tuliyemwandika bila kusema neno ndiye aliyetuangukia. Tulipomwuliza baadaye, kijana wa watu hakuficha. Sababu ya kutochelewa hata siku moja, kumbe, ilikuwa kuwahi darubini ya dirishani. Miaka miwili alifanyia kazi darubini ile moja, na kule Nairobi wakampa ya namna nyingine, kioo cha kumulika kiko upande wa pili, hakuna dirisha. Nusu ya muda wake ilikwenda akitafuta mwanga. Sote tulikuwa tukimwona kila asubuhi amekaa pale pale, tukasema, tazama kijana mwenye nidhamu. Kuanzia Jumatatu ile, wanafunzi wakawa wanahamishwa darubini kila siku, na yeye wa kwanza. Mwaka uliofuata alikwenda pamoja na ndugu yangu, wakafaulu wote wawili.

Koplo nilimpokea kituoni mwenyewe. Alishuka na sanduku lake la bati, akasimama wima, akanisalimu kijeshi mbele ya wachukuzi wote, na mimi, ambaye sijapata kushika bunduki, nikaitikia vibaya.

"Mdomo ulikuwaje?" nikauliza. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitisha.

"Yule mzee Mzungu alitazama nambari zangu, 66 na 70. Akauliza, ipi ndiyo ya kweli? Sikuwa na Kiingereza cha kutosha kumjibu. Nikamvutia kiti nikamwambia, 'You count, sir.' Akakaa, akahesabu."

"Akapata?"

"Sitini na tisa. Akacheka peke yake, akaandika kitu, akaniambia nitoke."

Wiki hiyo hiyo mkewe alikuja nyumbani kwetu Kuze, na watoto watatu nyuma yake kwa mpango wa urefu, na kuku jike mnene chini ya kwapa. Akampa mama kwa mikono miwili. Alisema mumewe amepewa koti jeupe na mshahara mwingine, na kwamba wameambiwa yote yalifanyika katika nyumba hii.

Majirani wawili walikuwapo. Mama akampokea kuku, akampima uzito kidogo kwa mkono, nikaona nilikozaliwa.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," akawaambia. "Alipokuja hapa mlangoni tu, na viatu vile, nikamwambia mwanangu, huyu ndiye. Yeye ndiye aliyekuwa akisitasita."

Ndugu yangu akaangalia chini. Mimi nikafungua mdomo, nikaangalia kuku, nikaangalia jiko, nikaufunga.

"Kweli, mama," nikasema. "Nilisitasita mno."

"Basi wasimama nini? Nenda kamlete mwalimu aje ale. Na upitie kwa daktari umwambie, mwaka ujao asihangaike na makaratasi, aniulize mimi."

Nikaenda kwa mwalimu. Kwa daktari sikupita.